Jumapili Moja San Diego, na Mabango ya Baba

Saa kumi na moja alfajiri mpwa wangu alitoka chumbani amevaa nyekundu tupu kuanzia shingoni hadi kwenye buti, shuka ya Kimasai begani, na mkuki aliouunda kwa bomba la plastiki akaupaka rangi ya fedha.

"Shikamoo mjomba. Twende, treni haisubiri."

Nikaitikia marahaba huku natafuta kiatu cha pili.

Tulikuwa tunatoka Los Angeles kwenda San Diego, kwenye Comic-Con, tamasha la wapenzi wa katuni na filamu ambako watu huvaa kama wahusika wao, na beji zetu za kuingilia zilikuwa za Jumapili tu. Beji za tamasha lile hununui mlangoni. Unajiandikisha mapema, siku ya mauzo unaingia mtandaoni, halafu kompyuta inachagua kama bahati nasibu nani apite na nani abaki anakodolea kioo. Zamu yetu ilipofika, siku nyingine zote zilikuwa zimekwisha. Binti alinuna siku mbili. Mimi nilikuwa nimeshaona bei za hoteli za San Diego mwezi wa Julai, nikashukuru kimoyomoyo.

Treni ni mwendo wa saa tatu hivi. Karibu na San Clemente reli inapita ufukweni kabisa, na pale nilitamani tusifike. Behewani hakuna aliyeushangaa mkuki. Mbele yetu alikaa mwanamume mtu mzima mwenye masikio ya popo, anakula ndizi.

Kutoka stesheni ya Santa Fe tulitembea kwa miguu kupitia barabara ya Broadway, na nikamwomba binti tusimame dakika moja mbele ya hoteli ya U.S. Grant. Yote yalianzia humo, chini, kwenye ghorofa ya chini ya ardhi. Machi 1970 wapenzi wa vitabu vya katuni walikutana humo siku moja, watu kama 100, kupima upepo. Agosti mwaka huohuo wakafanya siku tatu, wakaja 300. Leo wanaingia zaidi ya 130,000, kwenye jumba la mikutano la San Diego, na hawaongezeki kwa sababu jumba limejaa, si kwa kukosa wateja. Mpwa alipiga picha ya mlango, akaniuliza kama tumemaliza historia.

Mlangoni mwa jumba hilo wakakagua mkuki kuhakikisha hauchomi mtu, wakaufunga utepe, tukapita. Ukumbi H, ule wa watu 6,500 ambao watengenezaji wa filamu huutumia kutangazia kazi zao, hatukuusogelea. Kuna wanaolala nje kwenye majani kupata kiti. Mimi nimeshalala foleni za kutosha maishani, tena za sukari.

Tukaingia kwenye ukumbi wa wauzaji. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Mwanasesere wa plastiki ndani ya boksi lake ana bei moja. Mtoe, bei inaporomoka. Binti alinisimulia kisa cha Krismasi ya 1977: filamu ya kwanza ya Star Wars imelipuka, kila mtoto anataka wanasesere wake, na kampuni ya Kenner haijawahi kuwatengeneza. Wakauza boksi lenye hati. Unaituma kwa posta, na mwaka unaofuata unaletewa wanasesere wanne. Kwetu tunasema kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Hawa waliuziwa gunia. Na siku hizi hilo gunia lenyewe linatafutwa kwa pesa.

Lakini kilichonikamata mimi ni kibanda cha mabango ya sinema, pembeni kabisa. Mwenye kibanda alikuwa mzee, miwani inaning'inia kifuani. Alichomoa bango moja kwenye bahasha ya plastiki, akalilaza mezani. Inchi 27 kwa 41. Lilikuwa na mikunjo ya wazi iliyoligawa vipande vinane, na matundu ya pini kwenye pembe.

"Limechakaa," nikasema.

Akacheka. Mikunjo ndiyo hati yake, akanieleza. Mpaka miaka ya 1980 mabango ya Marekani yalisafirishwa kwenda kwenye sinema yakiwa yamekunjwa, kwa hiyo bango la zamani lisilo na mkunjo ni la kulitilia shaka. Akanionyesha tarakimu ndogo chini kulia: mbili za mwaka, mkwaju (/), kisha namba ya filamu. Matundu ya pini mnunuzi anayavumilia, ila mtu akilikata kingo kwa mkasi, ameliua. Lililochanika hubandikwa juu ya kitambaa kwa gundi ya ngano, maana gundi hiyo hulainika kwa maji siku ukitaka kulibandua.

Bei? Dola 650.

Baba yangu alikuwa anachana tiketi sinema ya Majestic, Tanga. Mabango yaliyomaliza muda alikuja nayo nyumbani. Madaftari yangu yote ya shule ya msingi yalifungwa jalada kwa sura za waigizaji wa Kihindi. Hesabu zangu zililindwa na jambazi mwenye sharubu. Na tuliyakata kwa mkasi. Kingo zote.

Mzee alipoona nimenyamaza akadhani napiga hesabu, akanifariji kwa hadithi ya viatu. Mwaka uleule wa 1970 kampuni ya filamu ya MGM ilifanya mnada kuondoa makorokoro ya stoo, na jozi moja ya viatu vyekundu vya The Wizard of Oz, filamu ya 1939, ikanunuliwa kwa dola 15,000. Jozi nyingine iliibwa kwenye makumbusho huko Minnesota mwaka 2005. Mwizi alidhani vito ni vya kweli, akaja kuambiwa ni vioo, akaachana navyo. Polisi walivipata 2018, na Desemba 2024 vikauzwa mnadani, pamoja na ada, dola milioni 32.5.

Sikununua kitu. Binti alinunua mwanasesere mmoja, jioni, wauzaji walipoanza kupunguza bei ili wasirudi na mizigo.

Kwenye treni nikamtumia mama ujumbe wa sauti. Tanga ilikuwa saa kumi na nusu alfajiri, ameamka kwa ajili ya swala. Nikamuuliza kama kuna bango lolote la marehemu lililobaki. Jibu likaja tukiwa tunaipita Oceanside:

"Lipo moja, nimelitandika kwenye droo ya kabati la vyombo. Mwanangu, ukilitaka uje uchukue na kabati. Nilibandika kwa uji wa ngano, halitoki lile."

Mpwa akaniangalia, akaninyang'anya simu.

"Bibi, shikamoo! Usiliguse! Bibi, lina mikunjo mingapi?"