Hujaingiwa na kitu

Mnajua tangu Machi nalala chumba cha uani kwa kaka, Nkuhungu hapa Dodoma, na mnajua kwa nini: kazi ilivyoniishia. Wiki hii nimeenda usaili Mtumba, send-off ya Rehema imepita salama, mota ya kisima imeungua, na yote hayo nimeshayasahau. Kilichonikaa kichwani ni neno la Baraka, mtoto wa miaka 10.

Jumapili tulikuwa tunaangalia Venom, ile ya 2018, iliyotafsiriwa, ya kwenye flashi. Hata jina la muvi halijatoka kwenye skrini, Baraka keshauliza, "Steringi yupi?" Nikamwonyesha Eddie Brock, mwandishi wa habari wa San Francisco. Kafukuzwa kazi, mchumba kamwacha, kachumba anakolala hakatamaniki. Mara dude jeusi kutoka angani likamwingia mwilini, akawa anabishana nalo kwa sauti mbele za watu. Baraka alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akanigeukia, usoni hana hata chembe ya ubaya:

"Baba mdogo, huyu si ni wewe? Ila wewe hujaingiwa na kitu."

Shemeji akazidi kuchambua mchele ambao ulishachambuliwa.

Hujaingiwa na kitu! Basi hasira zangu zote zikaishia kwenye muvi. Nikamwambia mtoto wa watu kwamba dude lenyewe linachelewa mno kutokea. Kwamba linang'ata vichwa na damu hatuioni. Kwamba yule tajiri Carlton Drake, anayefanyia majaribio maskini, ni mbaya tu basi, hana kingine. Pambano la mwisho ni usiku, Venom, ndilo dude lenyewe, mweusi, Riot, dude jingine, wa kijivu, ukipepesa jicho hujui nani kampiga nani. Tena kwenye vitabu vya katuni Venom alitokana na chuki juu ya Spider-Man, na humu Spider-Man hayumo, kwa hiyo chuki imekosa pa kutua. Limekuja kula watu, mara linataka kuwaokoa, eti kwa sababu kwao nalo lilikuwa la kushindwa tu kama Eddie. Nani anabadilika hivyo?

"Lakini inachekesha," akasema Baraka.

Inachekesha kweli. Eddie anavyojitosa kwenye tangi la kamba wa baharini katikati ya hoteli ya wenye pesa zao, hapo hata mimi nilisahau kununa. Tom Hardy ndiye aliyetoa sauti zote mbili, ya Eddie na ya dude, na mtafsiri wetu naye yuko peke yake: Eddie kampa sauti ya mwenye mafua, Venom ya babu aliyeamshwa usingizini. Muvi nzima imebebwa na mtu mmoja anayegombana na nafsi yake.

Alhamisi, ndani ya daladala kutoka Sabasaba, nikajisikia nikisema kwa sauti, "Hujaingiwa na kitu." Konda akauliza, "Unashusha, braza?" Mama wa pembeni akavuta kikapu chake upande wa pili. Nikacheka peke yangu, nikaharibu zaidi.

Na katikati ya kicheko hicho nikakumbuka kipande nilichokiruka nilipokuwa namsomea Baraka mashtaka. Eddie hakuonewa. Alifungua kompyuta ya mchumba wake kwa siri, akasoma barua pepe ya kazini, akamvamia nayo Drake kwenye mahojiano. Wakafukuzwa kazi wote wawili, yeye na mchumba. Muvi haimtetei hata kidogo, na hapo ndipo ilipo nzuri. Ninyi mmenisoma hapa miezi sita jinsi nilivyoonewa ofisini. Sijawahi kuandika nilichomwambia yule mhasibu mbele ya wageni, wala kwamba Stella, mchumba wangu wakati ule, alinisihi jioni ile ile nikaombe radhi, nikamwambia hajui kitu.

Nitaandika siku nyingine. Sasa hivi mama kapiga kutoka Hombolo: zabibu zimeiva zote kwa mkupuo, mnunuzi aliyeahidi kuja jana hapokei simu, na nyuki wameshaanza.