Bibi Sikumwogopa, Nilimwogopea

Usiku ule, kwenye makao ya wazee ninakofanya kazi hapa Uingereza, bibi wa chumba cha mwisho alikataa chakula cha jioni. Chai alikunywa nusu kikombe. Alipoinuka kwenda msalani magoti yakamtetemeka, ikabidi nimshike kiunoni mpaka tukafika. Niliyaandika yote kwenye kumbukumbu za zamu, kisha nikamalizia: "I am very afraid of her tonight." Nikakabidhi zamu, nikarudi nyumbani kulala.

Saa nane mchana simu ikaniamsha. Meneja alitaka nifike kazini mapema. Nilipofika alifunga mlango, akanikalisha, akaniuliza kwa upole kama bibi alinipiga. Au alinisukuma? Je, ningependa nipangiwe chumba kingine? Nikabaki namtazama tu. Bibi mwenyewe kijiko kikijaa supu alikuwa hawezi kukifikisha mdomoni.

Aliyenifumbulia ni dada mmoja wa Mombasa, ambaye alikuwa na miaka mingi katika makao yale ya wazee kabla mimi sijafika Uingereza.

"Mdogo wangu, mbona umeandika kwamba unamwogopa bibi?"

"Dada, sikuandika namwogopa. Nimeandika namhofia. Naogopa ataanguka."

"Hiyo ni 'afraid for her'. Ukisema 'afraid of her', yeye ndiye anayekutisha."

Nilirudi kwa meneja kueleza, na mambo yakaisha hapohapo. Lakini mimi hayakuniisha. Bibi yule nilimpenda, na neno moja la herufi mbili lilikuwa limemwandika kama mtu mkorofi, kwenye kumbukumbu ambazo binti yake angeweza kuzisoma.

Kiingereza nilisoma Tanga. Shule ya msingi tulifundishwa kwa Kiswahili, kidato cha kwanza masomo yakageuka kuwa ya Kiingereza, na vihusishi hivi, yaani maneno madogo kama "of", "for" na "with", tulipewa pamoja na vivumishi vyake kwa orodha ya alfabeti: accustomed to, afraid of, angry with. Tulikariri kama jedwali la kuzidisha, kwenye mtihani tukajaza nafasi, tukapata alama. Orodha ile ilimpa kila kivumishi mwenzake mmoja wa kudumu. Hakuna aliyetuambia kwamba kivumishi kilekile hubadilisha mwenzake, na kikibadilisha, maana nayo inahama.

Kilichonisaidia kilikuwa Kiswahili chenyewe. Nikiwa kwenye basi baada ya zamu, nikirudiarudia maneno ya dada, niligundua kwamba tofauti ile ninayo tangu utotoni. Kumwogopa bibi ni jambo moja, kumwogopea bibi ni jingine kabisa. Sisi tunaiweka tofauti hiyo ndani ya kitenzi, kwenye kauli ya kutendea. Mwingereza anaiweka nje, nyuma ya kivumishi. Nimekasirika, ni hali yangu tu. Nimemkasirikia, sasa hasira ina mtu, na kwa Kiingereza mtu huyo anatanguliwa na "with" au "at", ilhali jambo lililonikasirisha linatanguliwa na "about". Kujivunia ni "proud of". Kumwonea mtu wivu ni "jealous of", kumwonea huruma ni "sorry for". Kila niliposhika kiambishi chetu kidogo cha -ia au -ea, nilijua upande wa pili kuna neno dogo la kutafutwa.

Nikanunua daftari. Sikulipanga kwa alfabeti ya Kiingereza, nililipanga kwa Kiswahili, kwa sababu makosa yangu yalikuwa yanatokea huko. Ukurasa wa kwanza niliuita "na", na ndio uliojaa upesi kuliko yote. Tunasema kufanana na, tofauti na, kuolewa na, kuridhika na, kuchoshwa na, mbali na. Kwetu "na" moja inatosha kwa yote. Kwao ni similar to, different from, married to, satisfied with, tired of, far from. Ndiyo maana wengi wetu husema "married with" na "similar with" bila kusita. Kichwani tuna "na", na shuleni tulifundishwa kwamba "na" ni "with". Ukurasa ule niliusoma kila siku kwa mwezi mzima.

Ukurasa wa pili ulikuwa wa "wa". Hodari wa kupika, mwepesi wa kusahau, mzito wa kusikia. Hapa "of" inavutia sana, na mara chache inafaa kweli: mzito wa kusikia ni "hard of hearing", maneno ninayoyaandika karibu kila wiki. Lakini hodari wa kupika ni "good at cooking", na mwepesi wa kusahau ni "quick to forget". Katika ukurasa huu nilijifunza pia kuacha kuandika "good at to cook". Kiswahili kinatumia ku- kwa kila kitu, kwa hiyo mkono ulikuwa unakwenda wenyewe. Baada ya kihusishi Kiingereza kinataka umbo la -ing: good at cooking, tired of waiting, afraid of falling.

Hili la -ing lilishawahi kuniponza kwenye usaili wangu wa kwanza. Niliulizwa kama naweza zamu za usiku, nikajibu kwa kujiamini, "I used to work at night." Nilikusudia kusema nimezoea. Walichosikia ni kwamba zamani nilikuwa nikifanya kazi usiku, siku hizi sifanyi. Nilitakiwa kusema "I am used to working at night". Kimeongezeka kitenzi kidogo mwanzoni na -ing katikati, basi.

Daftari lilinisaidia kuandika. Kusikia ilikuwa kazi nyingine. Wenzangu wanapozungumza, vihusishi vinamezwa. "Of" inabaki pumzi tu, "at" na "to" na "for" zinakatwa sauti, nami ninayetoka kwenye lugha ambayo kila irabu inatamkwa kamili nilikuwa nasikia kivumishi na nomino, katikati hamna kitu. Ningejuaje kilichokuwepo?

Bibi ndiye aliyenipa njia, bila yeye kujua. Asubuhi moja nilikuwa nimesita mlangoni na beseni la maji, akaniuliza: "What are you frightened of?" Nikaisikia "of" wazi, yenye irabu kamili, imekaa mwisho wa sentensi peke yake. Katika swali kihusishi kinaachwa mkiani, na mkiani hakimezwi. Tangu siku hiyo nikawa natega sikio kwenye maswali. What is she allergic to? Who is he angry with? What are you so happy about? Nami nikaanza kujitungia maswali nyumbani, kwa sauti. Kila kivumishi kipya nilikijaribu hivyo: What is Tanga famous for? Nikishindwa kumaliza swali, najua sijakijua kivumishi hicho, hata kama maana yake naifahamu.

Njia hii naiamini kuliko orodha yoyote. Ukijifunza "interested" peke yake halafu "in" baadaye, utavisahau kwa nyakati tofauti. Ukijifunza "What are you interested in?" umevipata vyote viwili vimeshikamana, pamoja na mlio wake.

Mengine yananipa shida mpaka leo kwa sababu Waingereza wenyewe hawakubaliani. Shuleni tulikazaniwa "different from". Hapa kazini wengi husema "different to", na baadhi ya Wamarekani husema "different than". Vijana wanasema "bored of", wazee wetu wengi wanasema "bored with". Nimeamua kuandika "different from" na "bored with" kwenye kumbukumbu za kazi, kwa sababu hakuna atakayezipinga, na kwenye maongezi nafuata niliye naye.

Kivumishi nilichokaa nacho muda mrefu zaidi ni kile kidogo tunachokijua wote, "good". Nilikipa ukurasa wake. Good at ni ustadi: good at sums. Good for ni manufaa: uji ni good for you. Good with ni kujua kuishi na kitu au watu, na katika kazi yetu hutajwa kila mara, "she's good with the residents". Kisha good to, ambayo ni wema wenyewe, namna unavyomtendea mtu. Kind nayo ina pande mbili: "kind to her" inamtaja aliyetendewa, "kind of you" inamsifu aliyetenda. Nilitumia jioni kadhaa nikiandika sentensi kuhusu ndugu zangu mmoja mmoja, nani ni good at nini na good to nani. Mama yangu alijaza nusu ukurasa.

Bibi alifariki majira ya baridi. Zamu yangu ya mwisho naye niliandika kwamba alikuwa short of breath, kwamba nilikuwa worried about her, na kwamba nilimpigia nesi. Nilisoma kila sentensi mara mbili kabla ya kusaini.

Baada ya wiki mbili binti yake alituletea kadi. Ndani alikuwa ametuandikia mmoja mmoja, na kwenye mstari wangu kulikuwa na maneno haya: "Thank you for being so good to Mum." Nilisimama nayo jikoni muda mrefu, nikiisoma ile "to". Ipo ndani ya daftari sasa, kwenye ukurasa wa "good".