Shingo ndiyo kazi: kuunda seti za katuni kwa vitofali hapa Lamu

Mchoraji wa katuni habebi uzito. Anampa mhusika kichwa kama boga juu ya shingo kama ufito, na filamu inakwisha kichwa kiko palepale. Kitofali cha kuchezea, kama vile vya LEGO, hakina huruma hiyo. Seti za katuni zikianza kuharibika, mara nyingi ukuta na paa huwa salama. Zinaanzia shingoni, kwenye vifundo vya miguu na pale mkono unapoingia begani.

Chukua seti ya LEGO ya WALL-E, yule roboti wa filamu ya katuni, nambari 21303, iliyotoka 2015 ikiwa na vipande 677. Aliyeibuni ni Angus MacLane wa Pixar, studio ya filamu hiyo, mtu aliyefanya kazi kwenye filamu yenyewe. Hata hivyo shingo ya toleo la mwanzo ilikuwa ikilegea na kichwa kuinama, mpaka LEGO ikaibadilisha. Ukiuziwa seti hiyo iliyokwishatumika, inua kichwa, kiachie, kitazame kwa dakika chache. Kikishuka taratibu, shughulikia shingo kabla ya kitu kingine chochote.

Kwa hiyo kabla ya kubandika kipande cha kwanza, pitia kijitabu chote cha maelekezo utafute mahali kichwa kinapokutana na mwili. Angalia kinashikwa na nini. Bawaba yenye meno, ile inayolia tak tak unapoikunja, hushika kichwa kizito vizuri. Kiungo cha gololi hushika kwa msuguano tu, na kikiingia mchanga au mafuta ya vidole msuguano unapungua. Kama kichwa kimesimama juu ya pini moja, kitazunguka kila kinapoguswa. Pini mbili zilizoachana hata kinundu kimoja tu, yaani kile kidoto cha juu ya kitofali, hukizuia. Ekseli, vile vijiti vya kuunganishia, nazo huchanganya watu. Kwenye kijitabu cha karatasi huchorwa kwa ukubwa wake halisi, unailaza juu ya mchoro unajua ndiyo au siyo. Kwenye simu mchoro umebana, hivyo hesabu kwa rula: ekseli ya 4, yaani ya urefu wa vinundu 4, ni karibu milimita 32, ya 5 ni karibu 40. Ukiweka ya 4 badala ya ya 5, kichwa kitaingia na kukaa vizuri kabisa, kisha kitachomoka siku mtoto atakapokishika.

Chini ya shingo kuna mwili, na mwili unataka boriti. Waliokulia kwenye nyumba za mawe wanajua kwamba upana wa chumba cha Kiamu unaamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, si na matamanio ya mwenye nyumba. Kipande chembamba nacho kina kikomo chake. Sakafu ya vinundu 16 iliyoungwa kwa vipande viwili vya 8 itakunjika katikati hata ukiisukuma kwa nguvu namna gani. Pitisha kipande kingine juu ya kiungo, angalau vinundu 2 kila upande, na tabaka la tatu lipishane na la pili kama fundi anavyopishanisha bloku. Matabaka matatu membamba ni kimo cha kitofali kimoja kamili: 3.2 mara tatu, milimita 9.6.

Vipimo hivyo ndivyo vinavyofungua siri ya uso. Macho, pua na meno ya mhusika hutazama mbele, ilhali vinundu hutazama juu, kwa hiyo uso huundwa ukiwa umelazwa ubavu. Kinundu hadi kinundu ni milimita 8. Vipande vyembamba vitano vikibebana vinafika milimita 16, sawasawa na upana wa vinundu viwili. Watu hukosea kwa kuweka kitofali kimoja na chembamba kimoja, jumla 12.8, halafu wanashangaa kwa nini uso una ufa wa milimita 3.2 kidevuni. Kanuni ya tano kwa mbili ukiishika, unaweza kubuni sura ya mhusika yeyote bila kijitabu.

Kupanga vipande ni kazi ya sinia, lile kubwa lenye ukingo, limetandikwa kitambaa cheupe. Mkeka usiukaribie, vipande vidogo vinazama kwenye suka. Seti iliyokwishafunguliwa zamani, isiyo na mifuko yenye nambari, igawe kwa umbo, si kwa rangi. Jicho hulipata jekundu katikati ya rangi kumi upesi, lakini umbo dogo katikati ya mekundu mia linapotea. Vikombe vya kahawa vinatosha kwa vile vidogo kabisa. Usiku tumia taa nyeupe, kwa sababu chini ya taa ya manjano kahawia iliyoiva na nyeusi ni kitu kimoja. Mfuko ukiisha na vikabaki vidogo vya kinundu kimoja, hiyo ni akiba ya kiwandani. Kikibaki kikubwa, umeruka hatua. Rudi nyuma sasa hivi.

Mchanga wa Shela ni mwembamba na unaingia kila mahali, hasa kaskazi ikivuma. Vipande vikae kwenye chekecheke kwanza, utikise, ndipo uvioshe. Maji yasizidi nyuzi 40, sabuni kidogo, na vyenye stika vibaki nje. Ukiosha kwa maji ya kisima yenye chumvi, suuza mara ya mwisho kwa maji matamu, la sivyo utabaki ukungu mweupe kwenye vipande vyeusi. Kausha kivulini. Jua halitaviyeyusha, ila hugeuza vyeupe kuwa vya manjano, na kiungo kinachobeba mzigo kwenye joto siku nyingi hupinda polepole. Viwili vyembamba vikigandamana, tia kitofali juu na kingine chini, kisha uvikunje kama unavunja muwa. Meno yaache yatafune.

Mahali pa kuweka kazi iliyokwisha tunapo tangu enzi za mababu: zidaka. Ziko ndani, mbali na dirisha, na ukubwa wake unamtosha mhusika mmoja mmoja. Pima kidaka kabla ya kununua. Chenye kimo cha sentimita 20 hakipokei zaidi ya vitofali 20 vilivyosimama, yaani milimita 192, na hapo bado hujahesabu kofia. Chini tandika kitambaa, maana chokaa ya zamani inadondosha unga mweupe, na unga huo ukifika kwenye kiungo cha gololi unarudi kulekule shingoni.