Geti likishafunguka, odi zinashuka

Jumamosi niliweka dola 20 kwa farasi mmoja wa kijivu aliyekuwa na odi za 5 kwa 1, yaani kila dola inarudi na faida ya dola 5. Nilikuwa nimemchagua tangu asubuhi. Nilisoma rekodi zake, nikaenda padoki, pale farasi wanapotembezwa kabla ya mbio, kumtazama anavyotembea, nikangoja hadi zilipobaki dakika mbili ndipo nikasogea kwenye dirisha la kubetia. Akishinda, nalipwa dola 120. Geti likafunguka, akachomoka vizuri, na walipokuwa wanaingia kona ya kwanza nikatupa jicho ubaoni. Odi zimeshuka hadi 3 kwa 1.

Alishinda. Nikapewa dola 80.

Najua, nimekula, na wengi siku hiyo waliliwa. Lakini nilitoka pale dirishani na uchungu ambao sikuwahi kuupata hata siku ambazo tiketi zangu zote zilichanika. Kukosea farasi ni kosa langu, nalikubali. Hili la Jumamosi sikukosea popote.

Kwa asiyeujua mchezo huu: kwenye viwanja vya Marekani mtu habeti dhidi ya kampuni. Madau yote ya aina moja yanaingia mfuko mmoja, uwanja unakata sehemu yake, kinachobaki wanagawana walioshinda. Utaratibu huu ulibuniwa na Joseph Oller huko Paris katika miaka ya 1860, na mimi niliupenda kwa sababu ya haki iliyomo ndani yake: tunashindana sisi kwa sisi, anayejua farasi zaidi ndiye anayekula. Malipo yanafuata odi za mwisho, si zile ulizoziona ukitoa pesa. Hilo halikutusumbua zamani, kwa sababu pesa za mwisho zilikuwa za watu kama sisi, wanaokimbilia dirishani tiketi ikiwa bado haijakatwa.

Sasa pesa za mwisho ni za kompyuta. Kuna makundi machache yenye programu zinazopima odi za kila farasi na kutuma madau kwa maelfu katika sekunde za mwisho kabisa. Madau yanayotoka nje ya uwanja huchukua muda kujumlishwa, ndiyo maana ubao unabadilika farasi wakiwa tayari wanakimbia. Na kwa kuwa makundi hayo yanabeti pesa nyingi, yanarudishiwa sehemu ya makato. Chukua mfano: mwenye programu akipoteza dola 5 katika kila 100, kisha akarudishiwa 8, amepata faida ya 3 bila kutushinda kwa ujuzi. Mimi wa dirishani sirudishiwi kitu. Halafu tunaambiwa tunacheza mchezo mmoja.

Kila odi zikiporomoka namna hii, lazima mtu mmoja jukwaani apaze sauti kwamba kuna wanaobeti mbio zikiendelea. Siwalaumu. Mwaka 2002, kwenye Breeders' Cup, mashindano makubwa ya farasi, yaliyofanyika uwanja wa Arlington Park, mtayarishaji programu wa kampuni ya mashine za kubeti alibadilisha tiketi za mwenzake, zile za kutaja washindi wa mbio sita mfululizo, baada ya mbio za mwanzo kuisha. Walinaswa kwa sababu farasi aitwaye Volponi alishinda mbio za mwisho kwa odi za zaidi ya 43 kwa 1, na tiketi zao zikawa ndizo pekee zilizopata washindi wote sita. Kinachotuumiza leo si wizi wa aina ile, ni jambo linaloruhusiwa. Ila mwenye jeraha la zamani hawezi kuzitofautisha hizi mbili kwa kutazama ubao.

Tena kuna makato yenyewe. Kwa dau la mshindi peke yake hukatwa kama dola 16 au 17 kwa kila 100. Kwa madau ya kutaja farasi wawili au watatu wa kwanza kwa mpangilio mara nyingi hupita 20. Hesabu ya 20 niliifanya jana usiku kwenye karatasi: sisi jukwaani tukianza na dola 100 na kila tunacholipwa tukakirudisha kwenye mbio zinazofuata, baada ya mbio tano zimebaki dola 33. Anayebeti mpira kwa bei za kawaida hukatwa kiasi kisichofika 5. Tangu Mahakama Kuu ya Marekani ilipofungua mlango wa kubeti michezo mwaka 2018, kijana ana sababu gani ya kuja kwetu?

Matokeo yanaonekana. Mwaka 2003 mbio za farasi za Marekani zilikusanya madau ya zaidi ya dola bilioni 15. Mwaka 2024 zilikuwa bilioni 11 na kidogo, na dola ya leo hainunui ilichonunua ile. Uwanja wa Hollywood Park ulifungwa 2013, Arlington 2021, Golden Gate Fields 2024. Uwanja wa Keeneland ulipopandisha makato mwaka 2017, wachezaji waligoma, madau yakashuka, na mwaka uliofuata uwanja ukarudisha nyuma sehemu ya nyongeza ile. Kwa hiyo tukisema, tunasikika, ingawa kwa kuchelewa.

Kiti cha kushoto kwangu alikuwa akikaa mzee aliyenifundisha kusoma rekodi za farasi. Mara ya mwisho tulipoonana aliniambia, "Mwanangu, kuliwa nimekuzoea miaka arobaini. Hiki cha sasa sikielewi." Hajarudi tena, na kiti kiko wazi.

Leo asubuhi nimewaandikia barua wenye uwanja wetu. Nimeomba mambo mawili tu. La kwanza, wafunge mfuko wa madau ya mshindi kwa makundi ya kompyuta dakika mbili kabla ya mbio, kama viwanja vya New York vilivyofanya. La pili, waache kutukata senti za mwisho: tiketi ya dola 2 inayostahili 5.38 inalipwa 5.20, wakati Kentucky walishapitisha sheria mwaka 2022 ya kulipa hadi senti. Wiki hii nitaenda padoki kumtazama yule wa kijivu, kama atakuwepo. Pesa nitaziacha nyumbani mpaka nijibiwe.