Mitungi miwili ya kuzamia kwa ajili ya boti

Kazi yake haina mbwembwe: jarife likijisokota kwenye rafadha, au nanga iking'ang'ania mwambani, mtu ashuke akwamue. Kwa hilo sioni haja ya kununua mipya.

Wiki hii nimekagua ya muuzaji mmoja wa huku Unguja. Imepakwa rangi upya, inang'aa, na rangi yenyewe ndiyo iliyonitia shaka. Rangi ya unga huchomwa kwenye tanuri, na alumini ikipata joto kali hupoteza nguvu bila kuonyesha alama kwa nje. Akasema ni ya kupuliza tu. Sawa, lakini nilikwangua begani mpaka chapa ikasomeka: 3AL3000, yaani alumini, hujazwa hadi presha ya psi 3000, karibu bar 207. Pembeni yake mwezi na mwaka wa kupimwa kwa presha ya maji, kipimo cha kila miaka 5. Mmoja ulikuwa wa Marekani, wa kabla ya 1988. Huo sikuuliza hata bei. Mingi ya enzi hizo ni ya aloi ya 6351, inayojulikana kwa kufanya nyufa shingoni, kwenye hesi za valvu.

Palikuwa na wa chuma pia, mzuri machoni. Kuupindua tu, ukalia kama manyanga. Kutu.

Chuma kina sifa zake, sikatai: mzamiaji hubeba uzito mdogo wa risasi wa kumshusha, ilhali alumini hewa ikikaribia kuisha huanza kuelea. Ila mtungi wa boti hukaa miezi haujaguswa. Ndani ya chuma chenye unyevu kutu hula oksijeni, na geji haitakwambia. Atakayejua ni aliyeko chini anayevuta pumzi. Halafu kile kiatu cha plastiki kitakoni hufuga maji ya chumvi. Nimechukua alumini.

Valvu zilipofunguliwa nilimulika ndani kwa tochi. Pakavu, isipokuwa mmoja una doa la unga mweupe, saizi ya ukucha. Fundi ataamua.

Italala tezi, nyuma ya boti, kivulini, juu ya vipande vya mbao, imefungwa kwa mikanda ya nailoni. Bangili za chuma kisichoshika kutu sizitaki: zikigusana na alumini kwenye chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Mmoja utakaa umejaa, wa pili nitauachia bar 30 hivi ili unyevu usiingie.

Kwa sasa yote miwili iko kwenye kipimo. Muuzaji ana nusu ya hela. Iliyobaki ataipata cheti kikitoka.