Mdogo wake Antoni

Januari 17, usiku

Leo ni kumbukumbu ya Antoni Abate, mtawa wa kale wa jangwani. Asubuhi padri alitusimulia yale tuliyoyazoea: kijana wa Misri, yatima, anaingia kanisani na kukuta Injili inasomwa, "enenda ukauze ulivyo navyo, uwape maskini." Akatoka, akagawa kila kitu. Misa ikaisha, tukatawanyika. Mimi nimeshinda nikimfikiria mdogo wake wa kike.

Athanasio, askofu wa Aleksandria aliyeandika maisha ya Antoni, hamtaji jina. Anasema tu kwamba alikuwa bado mdogo sana wazazi walipofariki, na kwamba Antoni, mwenye miaka 18 au 20, ndiye aliyeachiwa nyumba na mtoto. Urithi ulikuwa arura 300 za ardhi yenye rutuba, kama ekari 200. Ardhi akawapa wanakijiji wenzake, ili isije ikawasumbua yeye na dada yake. Vyombo akaviuza, fedha akawapa maskini, akabakiza kidogo kwa ajili ya mtoto. Kisha akaingia tena kanisani, akasikia "msisumbukie ya kesho." Akatoa hata kile kidogo, na mtoto akamkabidhi kwa mabikira waaminifu aliowafahamu, wamlee.

Hapo ndipo ninapokwama kila mwaka.

Baba na mama walipotutoka nilikuwa na miaka 22, mdogo wangu 9. Nilimpeleka kwa mama mdogo, nikaenda mjini kutafuta kazi. Fedha nilituma, ada haikupungua hata muhula mmoja, na ukoo mzima ulinisifu. Lakini namkumbuka amekaa juu ya begi lake kizingitini, haulizi chochote. Mtoto wa miaka tisa asiyeuliza.

Antoni alikaa kwanza makaburini karibu na kijiji, kisha, akiwa na miaka 35 hivi, akajifungia katika ngome iliyoachwa jangwani. Miaka 20. Mikate aliletewa mara mbili kwa mwaka, ikipitishwa juu. Baadaye akasogea mbali zaidi, kwenye mlima ulio upande wa Bahari ya Shamu. Nalipenda sana jambo moja la kule mlimani. Alipoona ndugu zake watawa wanateseka kumbebea mkate njia yote ile, aliomba wamletee jembe, shoka na ngano kidogo. Akatafuta kipande cha ardhi karibu na maji, akalima, akafurahi kwamba hamlemei mtu. Wageni walipozidi, akapanda na mboga ili wapate cha kula baada ya safari ngumu. Mtu huyu hakuwa na moyo mkavu. Siamini kwamba miaka yote hiyo hakumwaza yule mtoto.

Na Athanasio, katikati ya habari za watawa na mapepo, anaacha mstari mmoja tu. Siku moja Antoni alishuka mlimani kuwatembelea ndugu, akafurahi kuona bidii yao, akafurahi pia kumwona dada yake, amezeeka katika ubikira, naye ni kiongozi wa mabikira wengine. Basi. Hatuambiwi nani alianza kusema, wala kama yule dada alimuuliza lolote.

Nimeusoma mstari huo mara tatu usiku huu. Mdogo wangu sasa ana miaka 41, na nyumbani kwake analea watoto wawili wa shemeji yake aliyefariki. Hakuna aliyemwomba awachukue.