Siku moja chini ya mwarobaini, na Dyna ya petroli

Saa 11 alfajiri niko kituoni Gongo la Mboto nagombea daladala. Saa 1 asubuhi nafungua kontena la vifaa hapa Ilala, dogo anafagia, mama ntilie analeta chai na chapati mbili. Hadi hapo siku zangu zote zinafanana.

Gereji yetu haina bango wala paa. Ina kontena na mwarobaini. Mpita njia akituona chini ya gari, ovaroli nyeusi tii, anawaza wezi wa spea tu. Wapo, sikatai. Lakini ngoja niwasimulie kazi moja iliyonila kutwa nzima, ambayo mwenye gari aliiita "ya nusu saa".

Saa 2. Mzee mmoja anayebeba ndizi za soko la Mabibo analeta Dyna, lori dogo la Toyota. Ya petroli, injini 3Y, cc 1998. Nyingi mnazoziona barabarani ni za dizeli, kwa hiyo hii nilishaipenda kabla sijaigusa. Ugonjwa wake: haikai sailensa, yaani haingurumi yenyewe bila kukanyagiwa mafuta. Ukiachia mafuta tu, inazima. Natoa chujio la hewa, nashika kile kichuma cha kabureta (ile inayochanganya petroli na hewa) kinachozunguka ukikanyaga mafuta: kinacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Tundu limelika, hewa inaingia pembeni, na hapo hata ukeshe unazungusha skrubu hupati kitu. Kisha naona mahali pa springi ya kurudishia mafuta. Springi hakuna. Kuna ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli.

"Mzee wangu, hii alikufungia nani?"

"Huo mwaka wa pili, haujanisumbua."

Kabureta mpya amekuja nayo, kainunua mwenyewe Kariakoo ili "fundi asinipige". Ya zamani ikatoka, mdomo wa manifodi, njia ya kuingilia injini, tukauziba kwa kitambaa safi, gaskiti ya kuziba maungio iliyoganda tukaikwangua, tukakata nyingine. Unalaza karatasi ya gaskiti juu ya chuma na kugonga ukingoni taratibu kwa nyundo ndogo, chuma chenyewe kinakata. Dogo kakata safi kuliko mimi. Sikumwambia.

Saa 5 kabureta imekaa, nati nne zimekazwa kwa msalaba. Mzee akaanza kutafuta ufunguo wake.

Namwambia dogo aingie akanyage mafuta hadi mwisho, huku nachungulia mdomoni mwa kabureta. Kile kisahani cha ndani kinatakiwa kisimame wima. Kinaishia nusu. Mkono wa kabureta hii ni mrefu kuliko wa zamani, kwa hiyo kebo ileile ikivutwa yote, mkono unazunguka kidogo tu. Ningeiacha hivyo, gari ingewaka, mzee angelipa, na angeijua shida siku amepakia ndizi yuko kwenye mlima.

Nikatoboa tundu jingine kwenye mkono, karibu zaidi na pale unapozungukia. Sasa kisahani kinasimama, ila hakirudi. Kebo imekaa upande, inasugua bati linaloishikilia. Bati linataka kukatwa na kuchomelewa upya. Ndipo umeme ukakatika.

Hapo saa sikuangalia tena. Jua limehamia upande wetu, mwarobaini wenyewe hauna kivuli cha maana. Mzee kavuta kiti akakaa juu ya kichwa changu.

"Fundi, ndizi zinaiva."

"Nasubiri umeme, mzee."

"Si ufunge hivyohivyo? Mpira wangu ninao." Akautoa mfukoni. Aliuokota tulipoutupa!

"Mzee, mafuta yakigoma kurudi ukiwa nyuma ya daladala kwenye foleni ya Buguruni, mpira huo utakusaidia nini?"

"Miaka miwili, kijana wangu."

Tumebishana hivyo mara nne au tano, naye kampigia mkewe, shemeji yake na fundi mwingine, wote nawasikia. Umeme uliporudi nilikuwa sijala. Tukachomelea bati, nikafunga springi mbili, moja ikikatika nyingine ishike kazi. Nikavuta mkono kwa kidole na kuuachia: ta! Nimeurudia hata mara ishirini, mlio tu unanifurahisha.

Ikawaka. Kwenye kikioo cha pembeni cha kabureta mafuta yamesimama katikati, yanapotakiwa. Nikarekebisha sailensa, nikaweka kikombe changu cha chai juu ya kifuniko cha chujio. Chai ikatetemeka, haikumwagika. Mzee akalipa pungufu elfu tano, akaondoka.

Niko kwenye daladala, jirani yangu kajibana dirishani kwa harufu ya petroli, simu inaita.

"Fundi, pedali imekuwa nzito."

"Ndiyo, mzee. Springi mbili hizo."

Kimya kidogo.

"Na ule mpira wangu mmeuweka wapi?"